Kabati la babu la mninga limegoma kukaa na ukuta wa kijivu. Nibadili ukuta au nibadili kabati?

Mjukuu wa Seremala (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Walioko nyanda za juu poleni na baridi, mwezi huu wa sita huku Mbeya chai inapoa kabla hujaifikisha mezani.

Nina jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa. Mimi na mume wangu tumejenga Isyesye. Nyumba imefika kwenye umaliziaji: skimu imepigwa, jipsamu ipo juu, marumaru zimeshalala, imebaki rangi tu. Mwezi uliopita, baada ya arobaini ya mama, wakubwa walikaa Tukuyu wakagawa alivyoviacha. Mimi nikapewa kabati.

Babu mzaa mama alikuwa seremala. Ufundi aliupata kwa Wamoravian kule Rungwe, wale ambao misheni yao ilianza 1891, na mpaka anazeeka alikuwa anapima kwa inchi, sentimita hakuzitaka. Kabati alilitengeneza kwa ajili ya bibi. Ni mninga mtupu, hakuna plaiwudi hata mgongoni. Kimo futi sita na nusu, upana futi nne. Juu milango miwili ya vioo, katikati droo mbili, chini milango miwili ya mbao yenye vishikio vya shaba. Mgongoni ameandika kwa ile penseli bapa ya mafundi: Desemba 1961.

Ndani ya mlango wa kushoto wa chini kuna mistari saba ya penseli. Kila mtoto alipozaliwa babu alifungua mlango akaandika siku, na neno moja au mawili pembeni. "Jumatano, mvua kubwa." "Usiku, mkunga alichelewa." Mama yangu ni mstari wa nne, pembeni yake pameandikwa "analia sana". Picha ya maandishi hayo sitaiweka hapa, mtanisamehe, ni ya familia.

Ndani kote amepaka rangi ya mafuta ya kijani, kijani cha jani la chai asubuhi. Bibi alituambia ilibaki baada ya kupaka milango ya kanisa.

Na mlango huohuo wa kushoto una tabia. Unakwama. Pale nyumbani hata mtoto wa miaka mitano alijua: unashika kishikio, unagonga chini kwa goti, ndipo unavuta. Kishikio kimelika upande mmoja, kidole gumba kinaingia pale chenyewe.

Sasa shida. Fundi alipaka kipande cha ukuta wa sebuleni kijivu, maana nyumba zote mpya mtaani kwetu ni kijivu na dari nyeupe yenye taa za mkanda. Peke yake kilipendeza. Tukaleta kabati, tukaliweka pale, likageuka chungwa. Kweli kabisa, kama chungwa limewekwa kwenye saruji. Wifi yangu akasema tulipulizie nyeupe, lifanane na yale ya mtandaoni. Fundi seremala akasema aurande mlango unaokwama na abadilishe vishikio. Mume wangu anapenda kijivu na hajafanya kosa kukipenda, lakini hajawahi kusukuma ule mlango kwa goti.

Ninaomba ushauri wa watu waliopitia. Nibadili nini?

Fundi Rangi Mafinga

Dada pole sana na msiba.

Kazi hii naifanya mwaka wa 14, Mafinga, Makambako, Njombe, mara mojamoja Iringa mjini. Naomba nikwambie nilichokiona kwenye kuta za watu. Nilipoanza, kila tajiri alitaka krimu. Ikaja pichi. Ikaja ile ya sebule nzima nyeupe halafu ukuta wa televisheni zambarau iliyoiva. Baada ya hapo kijivu, na sasa wateja wangu wa mwaka huu wananionyesha simu wanataka rangi ya udongo na rangi ya chai ya maziwa. Kuna nyumba moja Makambako nimeipaka mara tatu, mwenye nyumba yuleyule, kuta zilezile.

Sebule ya mita 4 kwa 5, kimo mita 3, ukizungusha unapata mita za mraba 54. Toa madirisha na milango, inabaki kama 46. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 92. Rangi nzuri ya maji, lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ni lita 9 na kitu, ndoo ya lita 20 inabaki nusu. Siku mbili, vijana wawili, kazi imekwisha. Usipoipenda, mwakani unarudia.

Mninga ukishapuliziwa nyeupe, siku mbili hazikurudishii. Wala miezi miwili.

Halafu kijivu si rangi moja. Kipo chenye bluu ndani yake, kipo chenye kijani, kipo chenye kahawia. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke juu ya ule ukuta wako, utaona kijivu chako kinaelekea wapi. Naweka dau ni cha bluu, ndicho kinachouzwa sana.

Njombe Baridi

Naomba niandike ingawa inaniuma. Mwaka 2019 nilipaka meza ya mama yangu nyeupe. Meza ya kulia, ya watu wanane, mkongo. Nilikuwa nimehamia nyumba mpya, mapazia meupe, kila kitu cheupe, meza ikaonekana kama mgeni aliyekuja na matope. Niliipiga msasa mwenyewe, andakoti, halafu nyeupe mikono mitatu.

Mwaka wa kwanza nilifurahi. Mwaka wa pili sufuria zikaanza kuikwangua, na kila palipokwanguka unaona wekundu wa mbao unachungulia. Mama alipokuja alikaa, akapitisha kiganja pale anapokaa siku zote, hakusema neno. Alikuwa anapatafuta pale ambapo baba aliwahi kuweka pasi ya mkaa ya moto, palikuwa na alama ya pembetatu. Nilikuwa nimeifuta kwa msasa.

Nimejaribu kuirudisha. Rangi ya juu inatoka. Iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao haitoki, ukitazama kwa karibu kuna vistari vyeupe kila mahali. Mama alifariki 2022. Tafadhali dada, usipulizie.

Fundi Rangi Mafinga

Pole sana Njombe Baridi. Niongeze kwa usalama: rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi. Ule ukijani wa ndani ya kabati usiupige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kama haubanduki uache ulivyo, futa kwa kitambaa chenye maji basi. Vyakula visivyofungwa usiviweke juu yake moja kwa moja, tandika kitu.

Mjukuu wa Seremala

Njombe Baridi, nimesoma huku machozi yananitoka. Asante kwa kuniandikia. Wifi naye nimemsomea, ameelewa.

Fundi, nimeweka karatasi. Ni bluu kweli. Sikuwahi kuona mpaka ulipoitaja. Na ndani ya kabati nitatandika karatasi nene kwenye kila rafu.

Mwalimu wa Sanaa Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha uchoraji shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka mingi, naomba nikueleze kwa nini kabati lako limegeuka chungwa, kwa sababu ukijua sababu hutahitaji kubahatisha.

Jicho haliioni rangi peke yake, linailinganisha na jirani yake. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta nyuzi hazina kosa lolote, ila rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane zimepauka. Akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1839. Bluu na machungwa zinatazamana kwenye duara la rangi. Ukiziweka pamoja, kila moja inaichochea mwenzake. Mninga una kahawia, una wekundu, una unjano kidogo ndani. Ukuta wako wa kijivu chenye bluu umeuchochea ule unjano na wekundu mpaka ukawa chungwa. Kabati halijabadilika hata kidogo.

Sasa nuru. Madirisha ya sebule yako yanatazama wapi?

Mjukuu wa Seremala

Shikamoo mwalimu. Yanatazama upande wa mlima Loleza.

Mwalimu wa Sanaa Mstaafu

Marahaba. Basi yanatazama kaskazini. Sikiliza vizuri, hili watu wengi wanaliacha kwa sababu ushauri wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kaskazini halipati jua. Kwetu ni tofauti. Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita kaskazini yetu, kwa hiyo linaingia sebuleni kwako moja kwa moja, na linaingia mbali. Mwezi wa kumi na mbili linapita juu ya paa, limeegemea kusini kidogo, na mawingu ya mvua yapo. Chumba chako kina jua kipindi cha baridi na kivuli kipindi cha mvua. Rangi unayoichagua leo mwezi wa sita, Januari itakuwa nyeusi zaidi na baridi zaidi kuliko unavyoiona sasa.

Kwa hiyo usipake ukutani kwanza. Tafuta vipande vya ubao wa dari, sentimita 60 kwa 60, paka kila kimoja rangi moja mikono miwili. Visimamishe kando ya kabati. Vitazame saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni, na usiku taa ikiwaka. Halafu vipeleke kwenye korido yenye giza, uone vitakavyokuwa Januari.

Na taa. Soma boksi la balbu. Imeandikwa 6500K? Hiyo ni nyeupe ya samawati, ya ofisini, chini yake mninga unakuwa kama majivu. Tafuta 3000K au 2700K, nuru yake ina unjano. Mtu anaweza kubadili balbu mbili akagundua kwamba ukuta haukuwa na shida.

Liweke kabati kwenye ukuta usiopigwa na jua la dirishani. Jua hubadili rangi ya mbao. Ulitazame pale bibi alipokuwa ameweka saa au redio juu yake, utakuta umbo lake.

Mjukuu wa Seremala

Mwalimu, nimeinuka sasa hivi kwenda kuangalia. Kuna mstatili juu ya kabati, una wekundu mpevu kuliko sehemu nyingine. Redio ya bibi. Nimesimama hapo kwa muda.

Mdau wa Mwanjelwa

Mimi natofautiana na wengi humu na naomba nisikilizwe kwa heshima.

Tunaumia sana kwa vitu. Baba yangu alifanya kazi reli ya TAZARA tangu treni zilipoanza hadi anastaafu, alituachia sanduku la chuma, viti vinne na kitanda. Nyumba yangu ya kupanga ni vyumba viwili. Kwa miaka sita watoto wangu walilala wamebanana kwa sababu kitanda cha babu yao hakiguswi. Siku moja mama mwenyewe aliniambia, mwanangu, baba yako alinunua kile kitanda ili watu walale. Nikauza kitanda na viti, sanduku nikabaki nalo, ndilo linalohifadhi vyeti vyetu vyote.

Ninachosema, dada asijenge nyumba kuzunguka kabati kama vile ni kaburi. Mume anaishi humo pia. Watoto watakulia humo. Rangi za sasa zina sababu zake, watu wanapenda nuru, wanapenda usafi.

Mnyalukolo

Kamwene wote. Niko Kihesa, Iringa.

Mdau, nakubaliana na mama yako kuliko ninavyokubaliana na wewe. Alisema kitu kilinunuliwa kitumike. Hakusema kifuate rangi ya mwaka.

Mimi sina kabati, nina vikapu vya bibi, tisa, vya milulu. Wanaojua Iringa wanajua vikapu vyetu, milulu inakatwa bondeni, inakaushwa, inasukwa kwa mkono mpaka inabana. Vya kwake ni vya zamani, rangi ya majani makavu, na vistari vya hudhurungi vilivyofifia. Nilipohamia nyumba yenye kuta nyeupe pe, nilivitundika vikaonekana vichafu. Jirani akasema vitupwe, nikanunue vipya vya rangi kali.

Nilichofanya, nilishuka barabarani nikachota udongo mwekundu kwenye pakiti ya chumvi, nikaupeleka duka la rangi lenye mashine ya kuchanganya, nikamwambia kijana, nitengenezee huu, lakini uuchanganye na nyeupe mpaka ufifie kama ukuta wa udongo uliokauka jua la Septemba. Alinitazama, akaelewa, alikulia Ifunda. Tulijaribu mara nne. Ukuta mmoja tu, wa vikapu. Tatu zilizobaki niliziacha nyeupe.

Mdau angekuja kwangu angeona vikapu viwili kati ya tisa havipo ukutani. Kimoja kina vitunguu, kingine kina nguo za mtoto.

Dada, usitafute rangi kwenye simu. Fungua kabati. Babu yako alishachagua rangi inayokaa na ule mninga, aliipaka ndani.

Mjukuu wa Seremala

Mnyalukolo... Nimesoma sentensi yako ya mwisho nikanyamaza. Wiki tatu nimekuwa nalitazama kabati kwa nje.

Mfuatiliaji wa Mitindo

Mimi nauza mapazia na vitambaa vya makochi, kwa hiyo rangi za mwaka ni kazi yangu, nazifuatilia. Kampuni ya Marekani ya Pantone inatangaza rangi ya mwaka tangu mwaka 2000. Tazameni hizi: 2021 walitangaza mbili, kijivu na njano. 2022 zambarau yenye bluu. 2023 magenta. 2024 pichi. 2025 kahawia ya moka. 2026 wakaenda nyeupe. Miaka sita, rangi saba, na hakuna hata mbili zinazofanana.

Naipenda kazi hii na siidharau mitindo. Inaleta furaha, mtu akibadili foronya sebule inakuwa mpya. Lakini angalieni mwaka 2025: kahawia ya moka ni jirani kabisa wa mninga. Mwaka ule kabati la dada lingeonekana la kisasa kuliko kochi lolote mjini. Aliyelipulizia nyeupe 2024 angekuwa analia.

Ushauri wangu wa kibiashara na wa moyoni ni mmoja. Mtindo uweke kwenye vitu vinavyofuliwa. Foronya, mapazia, kitambaa cha meza, zulia dogo. Hivi vina miaka mitatu minne ya kuishi hata hivyo. Mume akitaka kijivu, mpe mapazia ya kijivu chenye kahawia, nina hakika yatakaa vizuri na mbao.

Mdau wa Mwanjelwa

Hili la vitu vinavyofuliwa nimelipokea. Na Mnyalukolo, vitunguu kwenye kikapu cha bibi nimevipenda. Kabati la dada liwekwe vikombe basi, lisikae kama picha.

Mjukuu wa Seremala

Litawekwa vikombe, Mdau, na sahani za kila siku, si zile za wageni. Nakuahidi.

Mzee wa Chunya

Nimechelewa, mtandao huku unasumbua. Mninga nimeufahamu tangu utoto, tumeishi nao porini. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu, mtu asiyejua anaweza kudhani umekata mnyama. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haupindipindi, na moyo wake wadudu hawauli. Ndiyo maana babu yako aliuchagua.

Binti yangu, huyo seremala anayetaka kuranda mlango mzuie leo. Kabati limetoka Tukuyu mwezi wa tano. Tukuyu mvua ni ya kumwagika, mbao inakunywa unyevu, inavimba, mlango unakwama. Hata mninga unavimba, japo kidogo kuliko mbao nyingine. Limeletwa Mbeya wakati wa kiangazi. Litatoa ule unyevu polepole. Ukiuranda sasa, Septemba utakuta uwazi wa kupitisha kidole, na kilichorandwa hakirudi. Ngoja lizoee nyumba. Liweke mbali na jiko la mkaa na mbali na jua, liache hewa nyuma yake, kiasi cha vidole vinne kutoka ukutani. Likikaushwa kwa haraka linapasuka.

Kuhusu ngozi ya nje. Chukua pamba yenye tone la spiriti, gusa mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu. Ikilainika na kunata, basi babu alitumia sheleki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti, mafundi wa zamani waliipenda. Kama ni hiyo, usipake vanishi ya kisasa juu yake. Futa kabati kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya sabuni kidogo, futa tena kwa kikavu, siku ya pili paka nta ya nyuki.

Nta unaiandaa hivi. Kipimo kimoja cha nta, vitatu vya tapentaini. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta inayeyuka nyuzijoto 60 na kitu, kwa hiyo maji ya moto yanatosha, usiiweke juu ya moto moja kwa moja. Ikishayeyuka itoe nje kabisa, mbali na moto, ndipo utie tapentaini, maana inashika moto upesi. Koroga, iache igande kama samli. Paka kidogo sana kwa kitambaa cha pamba, subiri nusu saa, sugua mpaka mkono uchoke. Mlango wenye maandishi ya penseli usiupake ndani. Usiufute hata kwa maji.

Mjukuu wa Seremala

Baba, asante sana. Seremala nimemsimamisha. Ndaga fijo, kama tunavyosema kwetu.

Ninawaahidi nitarudi.

Mjukuu wa Seremala

Wakuu, ni mwezi wa kumi, nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilifanya vipande vya ubao wa dari kama mwalimu alivyosema. Saba. Mume wangu mwanzoni alikuwa anavipita, wiki ya pili akaanza kuvihamisha mwenyewe jioni, ananiita nikaone. Tuliviondoa kimoja kimoja. Kijivu cha bluu kilitoka siku ya kwanza usiku, tulipobadili balbu. Kijivu chenye kahawia kilifika fainali, na kwa haki yake tumekipaka chumba chetu cha kulala, anakipenda na mimi nimekizoea.

Sebuleni kuta tatu tumepaka rangi ya samli iliyofifia. Ukuta wa kabati ni kijani cha babu. Sikuweza kubandua kipande cha rangi ya ndani kwa sababu ya lile jambo la risasi, kwa hiyo tulibeba droo moja nzima, ubavu wake umepakwa, tukaipeleka duka lenye mashine. Mara tatu tuliikosa, ilikuwa kali mno, kijani kipya cha bendera. Fundi akasema ile ya babu imezeeka kwa moshi na miaka, tukaongeza tone la nyeusi na tone la hudhurungi. Mara ya nne kijana wa duka alipaka kidole chake akakiweka kwenye ubavu wa droo, hatukukiona.

Rangi ya maji isiyong'aa, lita 3 zilitosha ule ukuta. Milango ya vioo ikiwa wazi, unaona rafu zinaendelea mpaka ukutani, kama vile kabati halina mgongo. Na mninga umerudi kuwa mninga. Nta nilipaka mara mbili, mstatili wa redio ya bibi bado upo, nimeweka juu yake chungu cha Wakisi nilichonunua Matema, kimoja tu, ili sehemu kubwa ya mstatili ionekane. Mapazia ni ya kijivu chenye kahawia, mwakani mume wangu akitaka mengine atachagua yeye.

Jumamosi alikuja mama mdogo kutoka Tukuyu, mstari wa saba, aliyelelewa na kabati hili kuliko sisi wote. Nilikuwa na wasiwasi na ule ukuta. Aliingia, akavua viatu, akasalimia, wala hakuutazama ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto wa chini, kidole gumba kikaingia pale palipolika, akagonga kwa goti na kuvuta. Mlango ulikuwa umeshakauka tangu Agosti, haukwami tena, ukafunguka wote kwa mara moja mpaka akayumba. Akaushika kwa mikono miwili, akaurudisha polepole, akafunga. Halafu akagonga tena kwa goti, taratibu, ndipo akafungua akatoa vikombe.